Kadi Si Luku

Keti hapa kwa ngazi, weka simu chini kidogo, nikupe mchanuo.

Kuna kamchezo kameshika mtaa. Msee anauza njumu Insta, ako na followers mia nne na nusu yao ni macousin. Tangu Krismasi hajauza pair kumi. Lakini fungua website yake, shuka mpaka chini: logo ya Visa, ya Mastercard, ya PayPal, ya Apple Pay, zimepangwa ka stika za nganya ya Umoja. Sasa finya hiyo button ya kulipa. Inakuambia umcheki DM. Maze! Huko ni kuchoma picha mchana peupe.

Kadi si luku. Huivai ndio wasee waone umeomoka. Kadi ni mlango, na mlango unatobolewa pale kuna mtu anabisha.

Mimi nauza sandals za ngozi na ciondo. Nazitoa Kariokor, kwa mafundi wanashona ukiangalia, nazituma Roysambu, Kisumu, Leeds, Minneapolis, popote kuna miguu. So hii stori sikuiskia kwa base. Imenipitia kwa ngozi.

Na tangu nianze, mzae wangu ako na swali moja tu: "Na mashine iko wapi?" Kwa kichwa yake, kulipa na kadi ni ile mashine ya supa, unachomeka, inalia, inatoa karatasi. Nikimwambia kuna dame amelipa saa hii akiwa kitandani Minneapolis, ananiangalia ka nimeuza shamba ya ocha. "Amelipa aje na mashine haiko?" Mzae bado ako na kitabu ya cheki kwa droo, imefungwa na rubberband. Tutamrudia.

Swali la kwanza si gateway gani, yaani kampuni gani ikupitishie malipo ya kadi. Swali ni nani anakulipa.

Ka wateja wako wote wako Donholm, Rongai na Thika Road, tulia. Till ya M-Pesa inatosha. M-Pesa iko tangu 2007, Lipa na M-Pesa tangu 2013, na hakuna msee wa Donholm ataamka atafute wallet, aandike namba kumi na sita, aandike date, ageuze kadi asome zile tatu za nyuma, ati juu ya sandals za ngiri tatu. Anataka ile STK ipop kwa screen, aweke PIN, arudi kwa stori zake. Hata wenye walitengeneza ile Visa ya M-Pesa, ile GlobalPay ya 2022, wanaitoa wakilipia Netflix. Wewe watakupea ya till.

Na till ni rahisi. Buy Goods inakukata 0.55%. Kwa ngiri tatu hiyo ni 16 bob na thumni. Smocha kwetu ni finje, so hapo hujakatwa hata nusu smocha. Shika hiyo smocha vizuri, tutapima nayo kila kitu hapa.

Sasa songa majuu. Mwaka wa 2024 Wakenya wa nje walituma home karibu dollar bilioni 4.9, na hiyo ni hesabu ya Central Bank. Nyingi zilienda kwa fees, hosi na mabati za ocha. Lakini hao wasee pia wana miguu, na huko winter ikiisha kila mtu anataka open shoe yenye inabonga "nimetoka Nairobi."

Mkenya wa majuu ako na shortcut. Sendwave, Remitly, doh inaland kwa M-Pesa yako direct, hakuna kadi umeguza. Atakuambia "nitumie namba." Ka ni cousin na pair moja, sawa, chukua. Lakini hizo app ziliundwa za kutumia mathe doh ya unga, hazikuundwa za duka. Na order zikifika ishirini kwa mwezi, message ya M-Pesa haikuambii hii ngiri tatu ni ya size 38 ama ni ya kiondo. Utakaa usiku ukifananisha majina ka mwalimu wa roll call.

Halafu kuna mzungu wa Leeds. Hana M-Pesa, hana Sendwave, hana cousin Kayole. Anajua kadi tu. Huyo ndiye anabisha. Ukishapata watatu wa hivo kwa mwezi, toboa mlango.

Sasa hesabu, na hapa ndio wasee hulala.

Kadi hukatwa ka doh ya nganya. Abiria anatoa soo, anadhani imeenda kwa mwenye gari. Kwani? Dere ako hapo, konda ako hapo, sacco iko hapo, manamba wa stage ako hapo na mkono wazi. Kadi ni hivo hivo. Kuna benki ilimpea mteja kadi. Kuna Visa ama Mastercard, hao ndio wenye barabara. Kuna benki inakupokelea wewe. Kuna gateway, konda wa hiyo safari yote. Wote wanakula kutoka hiyo doh moja, ndio maana kadi haiwezi shuka iwe bei ya till, na kadi ya nje hukatwa zaidi ya kadi ya hapa.

Tuseme gateway yako inakata 3.5%. Kwa ngiri tatu hiyo ni 105. Smocha mbili na change. Haiumi, ama?

Ngoja. Ulijenga duka kwa Shopify juu iko na theme za kiboss. Poa, lakini Shopify Payments yenyewe haiko Kenya, so lazima uchomeke gateway ya mtu mwingine, na kwa plan ya chini Shopify wanaongeza 2% yao hapo juu. 60 bob ingine. Na plan yenyewe unalipa kila mwezi kwa dollar, uuze usiuze. WooCommerce ni programu ya bure, ni ukweli, lakini hosting ni yako, na ikidedi saa nane usiku fundi ni wewe.

Halafu kuna rate. Hii ndio mwizi haonekani. Umeuza kwa dollar, akaunti yako ni ya shilingi, katikati kuna msee anachagua leo dollar ni ngapi. Yenye anachagua haifanani na ya Google. Unaweza pigana na gateway juu ya nusu asilimia wiki nzima, alafu upigwe asilimia mbili kwa rate ukiwa umelala. Kabla uulize "mnakata ngapi," uliza "ka mteja amelipa dollar mia leo, kwa akaunti yangu itaingia shilingi ngapi?" Wakikujibu na hadithi, toka hapo nduki.

Na usijaribu ile kitu ya kuongeza "card fee" mwisho mwisho. Mteja ashachagua size, ashaandika address, ndio unamrushia 105 kwa uso. Hiyo ni tabia ya konda anapandisha fare mkiwa katikati ya safari. Weka ndani ya bei kutoka mwanzo. Ka unataka 3,000 ibaki kwako na unakatwa 3.5%, gawanya 3,000 na 0.965. Inakuja 3,109. Andika 3,150, mteja hatakufa, na wewe hutalala njaa.

Sasa tubonge Stripe, juu najua ndio unadai.

Kila msee wa tech mwenye kofia ya Silicon Valley anaimba Stripe. Na ni safi, siwezi danganya. Lakini Kenya haiko kwa list ya nchi unaweza fungua akaunti. So wasee wamepata njia ya panya: unafungua kampuni Delaware kupitia Stripe Atlas, dollar 500, na sasa wewe ni CEO wa Marekani ukiwa Buruburu Phase 3. Inasound fiti kwa bio. Yenye hawakuambii ni Form 5472. Hiyo ni karatasi ya taxman wa Marekani, kampuni ndogo ya huko yenye mwenyewe ni mtu wa nje lazima aijaze, hata ka haujapata faida. Ukisahau, fine ni dollar 25,000. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni tatu. Mimi nimejaribu kuhesabu ni smocha ngapi, ni zaidi ya elfu sitini. Elfu sitini, msee wangu! Juu ya sandals!

Na mchezo wote wa nini? Stripe walinunua Paystack 2020. Paystack iko Kenya, inachukua kadi, inachukua M-Pesa, unasign up na ID yako na KRA PIN. Unavuka bahari ukitafuta baba, na mtoto ako hapa mtaani.

Pesapal nao wako Nairobi tangu 2009. DPO utawakuta sana kwa mahoteli na makampuni za safari. Flutterwave, IntaSend, wako wengi. Mimi sikuambii chukua huyu, juu bei zao zinabadilika na biashara yako si yangu. Nakuambia tu kitu nilikataa kulegeza: M-Pesa na kadi zikae kwa checkout moja. Msee wa Kisumu apige STK, mzungu wa Leeds aweke kadi, zote ziingie kwa dashboard moja, nione nani amelipia nini. Ukitenganisha utachizi.

Na hauhitaji website kuanza. Sikia hiyo tena. Wengi wa hawa wanakupea link ya malipo. Unaunda link ya pair ya size 38, unaitupa WhatsApp, mteja anafinya, analipa kwa page yao, imeisha. Mimi niliuza miezi mitano na link tu kwa bio. Walioweka website ya ngiri sitini kabla wauze pair ya kwanza bado wanalipa fundi wa website.

Kitu moja ya kucheki kabla usign: Central Bank imewapa licence? 2022 CBK iliambia mabenki ziache kudeal na Flutterwave na Chipper Cash juu hawakuwa wamepewa licence ya hapa. Hayo ni majina makubwa, si ya kiosk. List ya wenye wako na licence iko kwa website ya CBK. Dakika mbili tu.

PayPal? Dame wa Minneapolis anaiamini kuliko anavyoamini boyfie wake, so inauza. Na kutoa doh inawezekana, kuna njia ya Equity na njia ya M-Pesa, ingawa hapo rate inakungoja tena. Lakini jua hii: wakishuku akaunti yako, wanaweza ishikilia doh mpaka siku 180. Nusu mwaka. Na njia ya haraka ya kushukiwa ni kufungua na address ya uncle wa New Jersey alafu unaingia kila siku kutoka Umoja Innercore. Usifanye hivo. Nimeona mbogi nzima ikilia. Ka unaweka PayPal, fungua na jina lako na nchi yako, na usiache doh ilale ndani.

Sasa chargeback. Hapa nataka uweke hiyo simu chini kabisa.

Mwaka jana dame wa Texas aliagiza pair nne, za masquad wake wa harusi. Ngiri kumi na mbili na ya kutuma juu. Kadi ikapita, mimi na fundi tukasherehekea na nyama. Nikafunga vizuri, nikatuma na ile njia ya bei ya chini, haina tracking. Viatu zikafika, akaniandikia "so cute." Nikajua hiyo imeisha.

Miezi miwili baadaye doh imetolewa kwa balance yangu. Haikuombwa, ilitolewa. Dame alikuwa amesoma statement ya kadi, akaona jina hajui. Juu kwa statement haikuandikwa brand yangu, iliandikwa jina lenye nilisajili eCitizen, na hilo jina halina hata neno moja la viatu. Akapigia benki yake: hawa siwajui. Benki haikuniuliza. Ndio chargeback hiyo: mteja haongei na wewe, anaongea na benki yake, na benki inavuta doh kwanza ndio maswali yafuate.

Nilipewa siku chache za kujitetea. Nilikuwa na screenshot za chat. Proof ya delivery sikuwa nayo. Nikapoteza viatu, nikapoteza doh, na juu yake nikakatwa fee ya dispute. Baadaye dame akashtuka ni mimi, akaomba msamaha, akatuma ngiri sita kwa Sendwave, akanyamaza. Fundi wangu nilimlipa yote kutoka kwa mfuko. Hiyo wiki iliniuma, na bado inaniuma nikiikumbuka.

Mzae alipoiskia akatikisa kichwa polepole. "Unaona sasa? Ungekuwa na mashine."

So chukua bila kulipa yenye mimi nililipia. Siku ya kwanza, cheki jina litatokea kwa statement ya mteja, wengi wanakuruhusu kulibadilisha, na uliandike kwa risiti pia: "kwa kadi yako utaona jina hili." Chochote kinatoka nje ya Kenya kiwe na tracking, hata ka inakula smocha kumi. Weka chat, weka risiti, weka picha ya parcel na address, na usizifute mapema, juu Visa na Mastercard kwa kesi nyingi zinampea mteja mpaka siku 120 za kulalamika. Na washa 3D Secure, ile ya OTP ya benki. Msee akishapita hapo alafu aseme kadi iliibiwa, mara nyingi hiyo hasara inabebwa na benki iliyotoa kadi. Haikusaidii akisema mzigo haukufika, hiyo dawa yake ni tracking peke yake.

Tukiwa hapo hapo: kuna wasee wanaambia mteja "nitumie picha ya kadi WhatsApp, mbele na nyuma." Bro. Hapana. Kuna sheria za dunia za kadi zinaitwa PCI DSS, na zile namba tatu za nyuma hakuna duka linaruhusiwa kuziweka baada ya malipo kupita, hata ka limezifungia kwa sanduku ya chuma. Sasa wewe unaziweka kwa gallery, kati ya memes na picha za Naivasha. Simu ikinyakuliwa hapo Muthurwa, umeuza wateja wako wote. Acha mteja aandike namba yake kwa page ya gateway. Wewe hufai kuiona, na kutoiona ndio usalama wako.

Kuna pia siku za kungoja. Till ukiuza saa nne, saa nne na dakika moja unaweza kununua ngozi. Kadi inalala siku moja, mbili, wikendi ikiingia hapo katikati inalala zaidi, na malipo ya kwanza kabisa hukaa mpaka wamalize kucheki makaratasi zako: ID, PIN, cheti cha biashara, jina la akaunti ya benki lifanane na la cheti. Likikosa herufi moja unarudishwa mwanzo wa line. Na fundi wa Kariokor hajui settlement. Fundi anajua Ijumaa. So weka kando doh ya fundi ya wiki mbili kabla ufungue kadi. Bila hiyo utauza sana na ukose cha kulipa ngozi, na hakuna msoto unachanganya kichwa ka huo.

KRA, haraka tu. Doh ya kadi inapita kwa akaunti, inaacha nyayo. Ukipita milioni moja kwa mwaka na hujafika 25, turnover tax ni 3%, na inapigwa kwa mauzo yote, kabla gateway ikate. Mteja amelipa 3,150, ushuru unahesabiwa kwa 3,150, hata ka kwako ilifika chini ya hiyo. Weka kwa hesabu ya bei mapema.

Alafu ukishaseti kila kitu, usipost. Bado. Fungua link yako saa tatu usiku, na simu ya mathe, ile imepasuka screen, bundles za mbao. Nunua kitu chako mwenyewe na kadi ya ukweli, ya bob mia. Hesabu ni mara ngapi umefinya. Cheki OTP imekuja baada ya muda gani. Soma risiti. Cheki jina kwa statement. Jirudishie hiyo doh uone refund inachukua siku ngapi, na ka ile fee walikata inarudi ama inabaki kwao. Mimi nilifanya hivo nikiwa nimechelewa, nikagundua button ya kulipa inafichwa na keyboard kwa simu ndogo. Wiki mbili nilikuwa nafikiri wazungu hawapendi design, kumbe walikuwa hawaoni pa kufinya.

Jana jioni mzae ameingia kwa room yangu, akabeba pair moja ya brown, akaigeuza, akapima soli na kidole. Anataka yake, size 43, ya kuenda nayo ocha. Nikamtumia link. Akaiangalia simu kitambo. Akaenda kwa droo, akarudi na bahasha, ndani kuna ngiri tatu zimenyoshwa ka zimepigwa pasi.

"Andika risiti," akaniambia. Nimemwandikia, na mkono.